Pongezi kwa Mpishi Mpya wa Bia

Anayeanza kupika bia nyumbani anastahili sifa. Amenunua kipimajoto, pipa linalong'aa na hamira ya pakiti kutoka ng'ambo. Jambo lenyewe zito: hata Marekani, serikali ya shirikisho iliruhusu upishi huo mwaka 1978 tu.

Akina mama wapika pombe wa Igawa, masikini, wanabahatisha. Wanaotesha ulezi, wanaanika kimea, wanasaga, wanachemsha uji wa mahindi, na pombe yao, komoni, inaiva siku ileile waliyosema. Bila cheti!

Mwanzi wa Iringa ndio umezidi utovu wa nidhamu: ukikatwa ncha masika, unadondosha ulanzi unaochachuka wenyewe ndani ya mbeta, kile chombo cha mwanzi, bila semina.

Mtaalamu wetu mpya, kwa busara, bado anasoma maelekezo. Chupa zikipasuka, huo ni utafiti. Jioni hupita kilabuni, kukagua ubora wa washindani, lita baada ya lita.