Namna ya Kumpoteza Umpendaye kwa Mtindo wa Kitamil

Kumpata mpenzi hata mvivu anaweza. Kuna harusi za mabinamu, kuna foleni za benki, kuna simu. Kumpoteza ndiyo kazi: kumpoteza kwa ustadi, apotee miaka 22, aolewe, azae, kisha siku moja apande ndege aje kukuuliza ulikuwa wapi. Mafundi wa jambo hilo wapo Chennai, kusini mwa India, na wamekuwa wakilifundisha kwa filamu za Kitamil kwa miongo mingi. Mwongozo huu unafuata zaidi filamu moja, “96”, iliyotoka Oktoba 2018. Aliyeiandika na kuiongoza ni C. Prem Kumar, mpiga picha wa sinema ambaye hapo ndipo alipokalia kiti cha mwongozaji kwa mara ya kwanza. Vijay Sethupathi ni Ram, Trisha Krishnan ni Janu. Wewe utakuwa Ram. Janu hahitaji mwongozo, na utaona mwenyewe kwa nini.

Tuondoe kwanza mazoea ya kibanda umiza. Mle ndani kila picha yenye sari na nyimbo ni “ya Kihindi”, na mteja ametoa hela yake akitegemea steringi, adui, na kipigo cha dakika za mwisho. Watamil nao vipigo wanavyo, tena vya kutosha, muulizeni nyota wao Rajinikanth. Lakini ukija kwenye fani hii ya kupoteza, usikae ukimsubiri adui. “96” haina baba mwenye bunduki wala tajiri mwenye masharubu anayemtaka binti wa watu kwa nguvu. Steringi na adui ni mtu mmoja, naye ndiye unayefundishwa kuwa.

Anza mapema. Ram na Janu wapo darasa la kumi mjini Thanjavur, penye lile hekalu kubwa la mawe ambalo mfalme Rajaraja wa ukoo wa Chola alilimaliza mnamo mwaka 1010. Anayekulia jirani na jengo la miaka elfu huzoea kuamini kwamba hakuna haraka, na imani hiyo utaihitaji. Janu jina lake kamili ni Janaki, kama S. Janaki, mwimbaji mkubwa wa filamu za kusini, na nyimbo za mwimbaji huyo anazijua barabara. Akiimba darasani, wote hunyamaza. Wewe nyamaza zaidi. Siku akikusogelea akuwekee mkono kifuani kuona kama umepona, usimwambie neno. Zimia. Ram alizimia kweli, mbele ya darasa zima, na hakuna tamko la mapenzi lililowahi kuwa wazi zaidi na lenye faida ndogo zaidi.

Chagua pia wimbo mmoja wa kumwomba kila mara, naye akunyime kila mara. Ram aliuchagua “Yamunai Aatrile”, alioutunga Ilaiyaraaja kwa filamu ya Mani Ratnam, “Thalapathi”, ya mwaka 1991. Janu ataimba mwingine wowote, ila huo. Katika “Thalapathi” msichana wa wimbo huo anampenda Rajinikanth na anaishia kuozwa kwa mkuu wa wilaya. Mtu mwenye akili timamu angeomba wimbo mwingine. Lakini mtu mwenye akili timamu hausomi mwongozo huu.

Sasa hama. Hapa Ram alisaidiwa na shida za nyumbani: baba alizama kwenye madeni, familia ikaondoka Thanjavur kimyakimya wakati wa likizo, na shule ilipofunguliwa Janu akakuta dawati halina mtu. Hilo tusimlaumu, deni ni deni. Ustadi wake unaanza baadaye. Alipokuwa kijana mkubwa alikwenda hadi chuoni kwa Janu na kutuma salamu za kumwita. Ujumbe ukapita mikononi mwa mtu wa tatu, Janu akadhani ni mwanamume mwingine aliyekuwa akimsumbua, akajibu kwamba aondoke. Ram akaondoka.

Tafadhali rudia kuisoma sehemu hiyo, maana ndiyo kiini cha somo. Hakugonga tena. Hakuandika jina lake kamili kwenye karatasi. Hakukaa chini ya mti akingoja wanafunzi watoke ili amwone kwa macho. Alipokea jibu la kwanza, lililotoka kinywani mwa mtu mwingine, kuhusu mtu mwingine, akaliishi nusu ya umri wake. Mtu asiye na kipaji angerudi kesho yake.

Ikifika harusi yake, nenda. Hili watu wengi hulikosea; hudhani kupoteza ni kubaki nyumbani na blanketi. Hapana, kapande basi uende, na ukifika simama mahali ambapo hakuoni. Kwa Wahindu wa kusini, ndoa hukamilika bwana harusi anapomfunga mkewe tali shingoni, na Janu anasema kwamba hadi dakika hiyo alikuwa bado anatazama huku na huku akitumaini Ram angetokea. Ram anamjibu kwamba alikuwepo. Kwa ufundi mtupu, sijaona kilichozidi hapo.

Baada ya harusi, chagua kazi. Ram ni mpiga picha wa safari: jangwani, milimani, baharini, kila mahali penye mwanga mzuri na pasipo Janu. Kazi hii ina manufaa mawili. Watu wanakuona mtu huru, na hakuna anayekuuliza kwa nini huna mke kwa sababu hakupati nyumbani. Fuga ndevu. Fundisha vijana upigaji picha na uwe mkali kwao, ili wakuheshimu na wasikudadisi.

Utahitaji sanduku. La Ram lina shati jeupe la shule lenye madoa ya wino ambao Janu alimrushia siku ya mwisho ya masomo, maua yaliyokauka, na mashairi ya zamani. Mjini Chennai, ambako hewa ya bahari inaozesha hata kuta, kulitunza shati la pamba kwa miaka 22 bila ukungu si jambo la kubeza. Mwanamume huyu ana uvumilivu wa mtunza makumbusho. Laiti robo yake angeitumia pale kwenye lango la chuo.

Basi ifike ile siku. Rafiki ataanzisha kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja mwaka 1996, watapanga kukutana Chennai, na Janu atakuja kutoka Singapore, akiwa mke wa mtu na mama wa binti. Akikukaribia, rudi nyuma. Akikufikia, zimia tena. Usione aibu, ni uthabiti wa msimamo.

Mnao usiku mmoja, kwa sababu ndege yake ni ya alfajiri. Kanuni za usiku huo ni kali na Ram hakuvunja hata moja: hakuna busu, hakuna kukumbatiana. Tembeeni, pandeni treni ya Metro, kuleni. Mvua ikiwalowesha, mpeleke kwako, mpe shati lako avae, kisha wewe ingia jikoni upike. Watazamaji waliozoea nyimbo za mvua za sinema ya India, sari mwilini na upepo wa feni kubwa, watashika pumzi. Ram anaandaa chakula.

Kuna tukio moja la usiku huo ambalo mwongozo hauwezi kulifanyia mzaha, nami nimejaribu. Wanakutana na wanafunzi wa Ram, wasichana, na hao wanamdhania Janu kuwa mke wa mwalimu. Janu hawasahihishi. Wanapomuuliza walianzaje, anawasimulia: jinsi Ram alivyokuja chuoni, jinsi yeye Janu alivyoitwa, jinsi alivyotoka nje na kumwona, na yote yaliyofuata. Kila kitu anachosimulia ni cha kweli hadi kwenye lango lile, na baada ya hapo ni maisha ambayo hakuna aliyewahi kuyaishi. Wasichana wanasikiliza na nyuso zao zinang'aa. Ram ameketi pale pale anaisikia ndoa yake. Trisha anaisema kwa wepesi, kama mtu anayesimulia ya juzi, na kadiri anavyoirahisisha ndivyo unavyoona ilivyokuwa rahisi. Ilihitaji mtu mmoja kupiga hatua chache kwenda kuangalia nani amesimama nje.

Tuendelee. Kule nyumbani umeme utakatika. Ram anahangaika gizani kutafuta taa, na hapo, baada ya kunyimwa tangu shuleni, anasikia Janu anauanza ule wimbo. Anakimbia huku akijigonga. Bila giza lile asingeupata. Kwa hiyo usinunue jenereta.

Umeshang'amua nani anafanya kazi katika filamu hii. Janu ndiye anayesafiri, anayetafuta, anayemchukua Ram kwenda kunyolewa zile ndevu, anayetunga ndoa, anayeimba, anayelia kwa sauti. Ram amepewa sifa zote za upendo wa kweli kwa kutunza shati. Filamu inampenda mno kwa hilo, na hapo ndipo mimi na filamu tunapoachana kidogo. Kuna mahali uaminifu unapogeuka kuwa njia ya heshima ya kutoulizwa chochote, na mwenye gharama ni yule aliyekuwa anatazama huku na huku akifungwa tali.

Kwa mwanafunzi asiye na subira ya miaka 22, zipo njia fupi. Katika “Mouna Ragam” ya Mani Ratnam, mwaka 1986, mpenzi anapigwa risasi siku ile ile ya kwenda kusajili ndoa, na binti anaozeshwa kwa mtu mwema, na zawadi moja tu anayomwomba mumewe ni talaka. Katika “Moondram Pirai” ya Balu Mahendra, mwaka 1982, Kamal Haasan anamtunza Sridevi, ambaye ajali imemfutia kumbukumbu na kumrudisha utotoni. Siku anapopona, anamsahau yeye. Mwisho wake ni kwenye stesheni ya treni, mvua inanyesha, mwalimu wa shule anachechemea na kuruka kama nyani, ule mchezo waliokuwa wakicheza nyumbani, ili amkumbuke. Yeye dirishani anamwona kichaa anayeomba. Kamal Haasan alipata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora kwa kazi hiyo. Njia hii ina matokeo ya hakika, lakini haipendekezwi kwa wenye magoti mabovu.

Ipo pia “Vinnaithaandi Varuvaayaa” ya Gautham Menon, ya mwaka 2010, ambamo Karthik, Mhindu anayetaka kuwa mwongozaji wa filamu, anampenda Jessie, Mkristo wa Kerala anayeishi ghorofa ya juu. Jessie ni Trisha huyu huyu, na sauti inayotoka kinywani mwake ni ya Chinmayi, kama katika “96”. Karthik anampoteza, kisha anaifanya hasara yake kuwa filamu. Faida ya njia hii ni kwamba inaweza kukulipa.

Tahadhari hapa. Hadithi hiyo ilipigwa wakati mmoja kwa Kitelugu, ikatoka siku ile ile, Februari 26, ikiitwa “Ye Maaya Chesave”, na humo wapenzi wanaoana. Maneno ni yaleyale, mwongozaji ni yuleyule, ukivuka mpaka wa lugha unapewa mke. Aliyecheza Jessie wa Kitelugu ni Samantha. Waliodhani wamegundua njia ya kutokea walikuja kukatishwa tamaa Februari 2020, “96” ilipotengenezwa kwa Kitelugu kwa jina la “Jaanu”, tena na Prem Kumar mwenyewe, na Samantha huyo huyo akapanda ndege alfajiri akaenda zake. Wakannada walikuwa wamekwisha kuifanya yao, “99”, mwaka 2019. Nao hawakumfungia lango.

Uwanja wa ndege sitausimulia sana. Mpeleke. Mkiwa garini, mikono inaweza kukutana juu ya gia, hicho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Akishaondoka, zile nguo alizolowa nazo mvua ziko kwako bado. Zikunje vizuri, sanduku unalo.

Mwisho, dalili za kufeli. Umefeli iwapo ulirudi langoni siku ya pili. Umefeli iwapo alitoka akakuona, mkacheka, mkaenda kunywa chai, na kwa wazazi mkapeleka wazee wakazungumza. Umefeli kabisa iwapo leo hii umeme umekatika, upo gizani unajigonga kwenye meza, na sauti unayoisikia kutoka chumbani haiimbi: inauliza nani aliambiwa anunue luku tangu asubuhi.