Joto Hili na Sukari Yangu, Nani Kawakutanisha?

Aisee jirani, sogea huku kivulini nikueleze. Joto hili wewe linakutoa jasho tu. Unajipepea na gazeti, unalaani, unaenda kuoga, yameisha. Mimi linaniletea namba. Nikiamka, namba. Nikila, namba. Nikitoka kidogo juani, namba nyingine, na hakuna hata moja inayofanana na ya jana. Mwenye kisukari Dar es Salaam mwezi wa pili ni mcheza bahati nasibu, na zawadi yenyewe ni dripu.

Walioleta dawa wala hawakuwa na habari na sisi. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Toronto! Mji ambao Januari ukisahau maziwa nje unayakuta jiwe. Na yule daktari Banting, mmoja wa walioigundua, tarehe yake ya kuzaliwa, 14 Novemba, ndiyo ikafanywa Siku ya Kisukari Duniani. Kwetu inafika jua likiwa linapasha misuli. Tunapewa fulana, tunatembezwa barabarani kwa ajili ya afya, tunarudi tumeiva. Hakuna aliyefikiria kumzaa Banting mwezi wa saba, Dar ikiwa na upepo wake mzuri.

Haya, tuanze na kiu. Nesi wa kliniki yetu alinieleza taratibu, maana mimi nikielezwa haraka natikisa kichwa tu ili nisionekane mjinga. Akasema ukitoka jasho bila kurudisha maji, damu inapungukiwa maji, sukari ile ile inabaki kwenye maji machache, kipimo kinapanda. Nikamwambia, nesi, mimi sijala kitu tangu asubuhi. Akasema sukari haisubiri ule ndiyo ipande. Ona uonevu huo! Ugali sijaonja, namba imepanda. Na ikishapita 10 hivi, figo zinashindwa kuizuia, inatoka na mkojo, na ikitoka haiondoki peke yake, inabeba maji. Unakojoa, unakauka. Unakauka, inapanda. Inapanda, unakojoa.

Sasa mimi ni mpangaji. Choo kiko uani, cha nyumba nzima. Na usiku wa joto hakuna anayelala ndani, watu wametandika mikeka uani kuanzia mlangoni kwangu mpaka mlango wa choo. Mimi na kibofu changu tunaruka miguu ya watu gizani. Naenda, narudi, naenda tena. Usiku mmoja nikakanyaga mkono wa kijana wa chumba cha mwisho, akaruka anapiga kelele, mwizi! Taa zikawashwa. Watu wakanikuta nimesimama katikati na msuli wangu, kopo la maji mkononi. Hawakunipiga, nashukuru. Lakini kesho yake bombani nikasikia mtu anasema huyu mzee anazunguka usiku wa manane, ana lake jambo.

Nesi anasema dawa ya hayo ni maji, na unywe kabla kiu haijakukamata. Wenye moyo au figo mbovu, na wanaomeza vile vidonge vya presha vya kukojoza, waulize kwanza kiasi chao. Mimi moyo wangu mzima, kinachoniangusha ni macho. Mtu mwenye kiu ya namna ile utampitishaje mbele ya friji ya dukani yenye mlango wa kioo? Soda zimejipanga mle ndani, zinatiririka matone. Ile ya kola, chupa ya mililita 350, ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Tisa! Nyumbani mama watoto ananinyima kimoja, na akininyima ananitazama mpaka nimeze chai yote.

Halafu joto lina mshirika wake, embe. Nani alipanga msimu wa maembe uangukie msimu wa joto? Siku ya kliniki, nje ya geti, dada mmoja ana genge, ameyapanga dodo mafungu mafungu. Mimi nikapita. Wallahi nilipita. Sijui nilirudije. Nikamenya moja kwa meno, nikajifuta kwenye suruali, nikaingia kupanga foleni na wenzangu. Zamu yangu ikafika, nesi akanichoma kidole, mashine ikafikiri, ikaandika HI. Nikaitikia. Nilidhani wanaanza na salamu siku hizi.

Nesi akabadilika sura. Kumbe maana yake sukari imepita 33, mashine imekata tamaa ya kuhesabu. Akaniangalia. Nimesimama wima, nauliza choo kiko wapi. Akashika mkono wangu, akausogeza puani.

"Baba, umekula embe?"

"Nilikuwa namenyea mjukuu."

"Mjukuu yuko wapi?"

Benchi zima likageuka kumtafuta mjukuu. Nikapelekwa bombani, sabuni, nikasugua, nikajikausha, nikachomwa kidole kingine. 13.4. Nesi akasema, "Hii ndiyo ya kwako. Ile ya kwanza ilikuwa ya embe." Benchi likacheka mpaka mzee aliyekuja na mguu wa kufungwa bandeji akacheka. Ndipo nikajua utomvu wa tunda kidoleni unatosha kuidanganya mashine. Mashine yenyewe nayo ina maringo. Ukiisahau juani kwenye bajaji inagoma kufanya kazi, inakutolea kialama cha kipimajoto. Na vile vitepe vyake, ukiacha kopo wazi, joto na unyevu vinaingia, vinaanza kukupa namba za kutunga.

Lakini kwenye hicho kichupa cha insulini ndipo nilipoumia. Kabla hujakifungua kinataka nyuzi 2 mpaka 8. Ukishakifungua, aina nyingi zinakubali kukaa chumbani wiki nne hivi, mradi chumba kisizidi nyuzi 25 au 30, kutegemea karatasi yake inasemaje. Chumba gani hicho? Changu kina bati, dari hakuna. Saa nane mchana mimi mwenyewe sikai humo, na sijaandikwa tarehe ya kuisha.

Nikaenda kuomba hifadhi kwa jirani. Ana friji, anauza barafu za ukwaju na ubuyu. Mama wa watu akanipokea vizuri, nikaweka kwenye kishubaka cha chini, mbali na barafu. Kutwa watoto wa mtaa wanafungua na kufunga, mia mbili ya barafu, mia mbili ya barafu, baridi yote inaishia mtaani. Umeme nao ukijisikia unakwenda zake. Basi mama akanihurumia. Akakihamishia juu, kwenye barafu zenyewe. Nilipokwenda kukichukua akanipa kwa mikono miwili, anatabasamu: "Baba, nimekuwekea penye baridi zaidi." Kigumu! Ukikigonga kinalia ko. Nikamwambia ahsante sana mama, ungesemaje?

Insulini ikiganda imekufa, na kuyeyuka hakuifufui. Yangu ni ya mchanganyiko, hata ikiwa nzima ni nyeupe ya maziwa, kwa hiyo huwezi kuishitaki kwa weupe. Unaibiringisha viganjani polepole, huitikisi, kisha unaisogeza dirishani. Ikiwa nzima, weupe unaenea sawasawa. Yangu ilibaki na vijipande vinaelea, na ubavuni kwenye kioo vumbi jeupe limeng'ang'ania. Nilibiringisha mpaka viganja vikapata moto. Vumbi halikutoka. Nikaiweka chini, nikaanza kupiga hesabu ya kichupa kipya.

Ndipo nikashauriwa chungu. Unachukua chungu kidogo unakiweka ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, insulini inakaa kwenye kikopo kisichopitisha maji, unafunika kwa kitambaa chenye unyevu, unaweka kivulini penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Rafiki yangu wa Dodoma anakisifia mno. Dodoma bwana hewa kavu, maji yanakauka yenyewe. Hapa Dar hewa yenyewe imeshalowa, maji yaende wapi? Ndiyo maana hata jasho letu halikauki, linateremka tu mpaka kwenye soksi. Chungu kinapoza, sikatai, ila hapa kwetu kinapoza kwa shingo upande. Mateso niliyapata kwa wapangaji. Waliunganisha mambo: mzee anatembea usiku wa manane, sasa ana chungu chenye mchanga, na kila asubuhi anakimwagia maji anakitazama. Kijana wa chumba cha mwisho ameshahama.

Miguu sitaisema sana, inaniudhi. Kisukari kikikaa miaka kinaharibu mishipa ya fahamu. Wengine hata jasho linawatoka kidogo, mwili unashindwa kujipoza. Mimi nyayo zimekufa ganzi. Ndala ilikatika saa saba mchana, nikavuka zege la kituoni peku kwa madaha, nawashangaa wenzangu wanarukaruka. Nikauona ushujaa wangu jioni, malengelenge mawili ya ukubwa wa shilingi.

Basi mpaka hapo nilishaelewa kuwa joto linapandisha sukari. Nimezoea. Nimekubali. Ndipo likanigeuka.

Asubuhi hiyo nilichoma sindano pajani, uji nikanywa nusu kikombe kwa sababu joto limeninyang'anya hamu ya kula, nikatembea juani mpaka kituoni. Sikujua, na ningejuaje, kwamba joto linafungua mishipa ya damu kwenye ngozi na insulini inaingia mbio kuliko ilivyotakiwa. Tuko kwenye daladala la Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, nimesimama, kwapa la mtu liko usoni. Jasho likaanza. Sasa mwezi wa pili ndani ya daladala, nani hatoki jasho? Dereva anatoka jasho, konda anatoka jasho, hata bomba la kushikilia linateleza. Ukishukiwa na sukari jasho linakutoka, moyo unakwenda mbio, unatetemeka. Ukizidiwa na joto, jasho linakutoka, moyo unakwenda mbio, unalegea. Utatofautishaje umekandamizwa na watu wanne? Mimi nikasema ni joto, nikatulia.

Konda akadai nauli. Nikampa kadi ya kliniki. Akaigeuza, akanirudishia, akasema, "Mzee, asubuhi yote hii ushapiga?" Watu wakacheka. Nikataka kumjibu, ulimi ukawa mzito, maneno yakatoka yamechanganyika, na hapo nikawa nimethibitisha mashitaka. Mama mmoja akamvuta mtoto wake upande wa pili. Buguruni wakaniteremsha. Kijana wa soda nikamwonyesha chupa kwa kidole, akasema lipa kwanza mzee, walevi mnatusumbua sana. Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza vitumbua. Alinitazama mara moja tu, akasema, "Huyu hajalewa, sukari imeshuka, mimi mwenzake." Akanunua soda, akanishikia chupa, akanifuta uso kwa ncha ya khanga. Kuja kupima, 3.1. Na chini ya 3.9 hesabu yako tayari imeshuka. Akanipa nusu chupa, tukangoja dakika 15, tukapima tena ikawa imepanda, akanipa vitumbua.

Sasa bahati yangu mimi unaijua. Ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama mwanachama mwenzake mama watoto kwenye vikoba. Taarifa ikafika nyumbani kabla yangu: mzee wako yuko Buguruni anakunywa soda, na kuna mama anamfuta jasho. Nimefika mlangoni nakuta mashitaka mawili yamenisubiri. La soda nimeshashinda, nilionyesha namba kwenye mashine. Lile la pili bado linasikilizwa.

Kwa hiyo jirani, nakuomba kitu kimoja, na uwaambie na wenzako hapo kijiweni. Mkimwona mzee kituoni jua hili linawaka, anatetemeka, kalowa, anaongea visivyoeleweka, msimwite mlevi kabla hamjamnusa. Muulizeni kama ana kisukari. Kama anaweza kumeza, mpeni soda, ile yenye sukari yake kamili, siyo ya dayeti. Kama hajitambui, msimmiminie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na mkiwa mmemnunulia soda, tafadhali, mwacheni ajifute jasho mwenyewe.