Haki kwa Spana ya Bei Poa
Wanaoibeza spana ya bei poa ya Kariakoo hawaitendei haki. Imechongwa ubavuni kuwa ni ya kromu na vanadi, na maandishi hayo ndiyo sehemu yake ngumu kuliko zote. Spana ya chuma kilichokomazwa kwa moto huing'ang'ania nati hadi isalimu amri, ukatili mtupu. Hii ni ya kistaarabu: hupanua mdomo, ikaizunguka nati kwa heshima na kuiacha palepale, imeviringika kama pete ya harusi. Watasema haidumu. Basi imdumie nani? Spana isiyopinda hukaa sandukuni miaka 20 bila kumfaa muuza duka hata senti. Hii ya bei poa humrudisha mteja dukani mapema, na njiani humpa kazi mchomeleaji, mng'oa nati zilizolika, na daktari wa vidole. Watasema pia mafundi wa Gikomba hufua patasi kwa springi kuukuu za malori, nazo hazilegei. Kweli, lakini hazina kasha la plastiki. Na hesabu haidanganyi: anayenunua spana ya bei poa mara tano ameokoa pesa mara tano. Nati za magurudumu tu, ndugu msomaji, mwachie fundi mwenye spana nzito.