Sifa za Bawabu Asiye na Ndugu

Hutukanwa kila siku ya kazi, mara nyingi kabla ya chai ya saa nne. Mhasibu yuko nyumbani, mtoto anaumwa, na hesabu za mwezi ziko kwenye seva ya ofisi. Anaandika neno la siri. Kioo kinamjibu kwamba ruhusa hana. Anaandika tena, safari hii kwa kugonga vitufe kwa nguvu, kana kwamba seva ina masikio mazito. Hana. Hapo ndipo simu ya kijana wa IT inapolia, na bawabu wa seva, yaani programu inayoamua nani aingie, anaitwa majina ambayo mhasibu hakufundishwa kwao. Hakuna aliyewahi kumtungia bawabu huyu hata ubeti mmoja. Nahodha kasifiwa, jembe limesifiwa, hata nazi ina washairi wake.

Basi na asifiwe, kuanzia nasaba. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, Wietse Venema alichoshwa na mdukuzi aliyekuwa akiingia kwenye kompyuta za chuo na kufuta mafaili. Akaandika programu ndogo ya kukaa mlangoni, kutazama nani anatoka wapi, na kusoma madaftari mawili: la wanaoruhusiwa na la wanaokataliwa. Mtu mkali aliweza kuandika katika daftari la pili mstari mmoja tu wenye maana ya "wote, kwa kila huduma". Ufupi wa aina hiyo hata malenga wanautafuta.

Miaka mitano baadaye, Finland, mtego uliwekwa kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki ukawa unakusanya maneno ya siri yaliyopita humo wazi kama maandishi ya kadi ya posta. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akaandika SSH, inayofunga mazungumzo yote kwa msimbo, na Julai 1995 akaitoa bure. Aliiombea mlango nambari 22, uliokuwa wazi kati ya 21 wa FTP na 23 wa telnet, akapewa. Jina lake ni la Kifini na halihusiani na hesabu. Lakini Mswahili afanyeje? Programu ya SSH upande wa mgeni, ikiachwa ilivyo, huuliza neno la siri mara tatu, kisha hukoma. Hodi, hodi, hodi. Usipoitikiwa, geuka uende zako.

Sifa kubwa ya bawabu ni kwamba hana ndugu. Wanaomlaumu kwa hilo hawakumbuki dunia ya mabawabu wenye ndugu. Kompyuta za vyuo vya Marekani zilikuwa zikiaminiana: aliyekwisha kubaliwa na mashine moja aliingia kwa jirani yake bila kuulizwa lolote. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Robert Morris, pamoja na mianya mingine aliyoitumia, alipita kwenye undugu huohuo, na maelfu ya mashine yakalemewa kwa usiku mmoja.

Bawabu wa leo huambiwa jambo moja: waingie fulani na fulani, tena wakitokea kwenye anwani zinazoanza na 192.168.1. Anwani za fungu la 192.168 zilitengwa mwaka 1994 kwa mitandao ya ndani, hazitembei kwenye intaneti, kwa hiyo ni kama kusema "waliomo uani tu". Baada ya hapo cheo hakimtishi. Ukimwambia wewe ni shemeji wa mkurugenzi, kwake ni kelele. Hapokei chai.

Hata mfalme humkataa. Katika mashine za Linux mfalme huitwa root, na hakuna asichoweza: anafuta, anazima, anabomoa. Tangu Agosti 2015, toleo la OpenSSH, SSH inayotumika sana kwenye Linux, lilipofika 7.0, mfalme huyo hakubaliwi tena kwa neno la siri mpaka msimamizi aamue vinginevyo, na wasimamizi wengi humfungia mlango kabisa. Anayetaka kutawala aingie kama raia, kwa jina lake, kisha avae taji akiwa ndani. Ni falme ngapi zimekuwa na utaratibu huo?

Mdomo wake nao ni mzito. Mtu akitaja jina ambalo halimo kwenye seva, bawabu humuuliza neno la siri vilevile, kwa upole uleule, kisha humkatalia kwa maneno yaleyale. Mbashiri haondoki hata na habari ya nani anaishi humo. Mwaka 2018 iligundulika kwamba jibu lake lilitofautiana kidogo kwa asiyekuwepo, likarekebishwa upesi. Kuteleza huko asihukumiwe nako maisha yote.

Faida kwa afya ndiyo isiyotajwa kabisa. Kijana wa IT hubadilisha masharti ya mlango akiwa mezani kwake, ghorofa ya nne. Mwenye busara huacha dirisha moja la zamani wazi, kwa kuwa aliyekwisha ingia hatolewi, kisha hujaribu kuingia upya kwa dirisha la pili. Mwenye haraka hufunga yote. Akirudi anakuta ameandika 192.168.11 badala ya 192.168.1, na bawabu aliyemwajiri mwenyewe asubuhi hiyo hamjui. Hapo hubeba kioo na kibodi, hushuka ngazi, huomba ufunguo wa chumba cha seva kwa mlinzi wa getini, husalimia watu ambao hajawaona tangu mwezi uliopita, husimama kwenye ubaridi wa kiyoyozi na kufuta tarakimu moja. Kisha ngazi tena, kwenda juu.

Anaketi akihema, anajaribu, anaingia. Simu inalia. Ni mhasibu, angali nyumbani, anauliza kama sasa imefunguka.