Piga Windows Upya!

Nchi hii haina uhaba wa mafundi wa kompyuta. Mwambie mtu yeyote kwamba mashine yako imekuwa nzito, awe bodaboda anayekusubiri getini au shangazi aliyepita kusalimia, atakuandikia dawa kabla hujamaliza kueleza ugonjwa. Na dawa zenyewe zinajulikana: ina virusi, RAM ndogo, piga Windows upya.

Nimezinywa zote tangu nilipoweka diski mpya kwenye kompyuta yangu ya mezani. Ile ya zamani ilikuwa imejaa picha za harusi za watu ambao wengine wameshaachana, nikanunua ya terabaiti moja ili nipumue. Muuzaji pale Kariakoo aliapa: "Hii mpya ya boksi, bosi wangu. Kwako bei ya undugu tu." Boksi lilikuwa la viatu vya mtoto, lakini boksi ni boksi.

Kero ilianza na hesabu. Nililipia gigabaiti 1,000, kompyuta ikaniambia ninazo 931. Nikapiga simu dukani kuuliza zangu 69 ziko wapi. "Zimeliwa na sistimu, bosi." Hazijaliwa na yeyote. Mwenye kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows huhesabu kwa 1,024, wote wawili wana haki, na mlipaji ndiye anayebaki akitafuta chenji yake.

Hilo nikalisamehe. Mwendo ndio ulionishinda. Nawasha mashine, nabandika chai, inachemka, naimimina kwenye chupa, na vile vidoti bado vinazunguka. Kufungua folda ni kama kubisha hodi kwa mdaiwa: unasikia kabisa kuna mtu ndani, anatembeatembea, lakini mlango haufunguliwi.

Shemeji akasema virusi. Akawasha programu ya kuvisaka, nayo ikaanza kukagua faili moja baada ya nyingine, mashine iliyokuwa inachechemea ikakaa chini kabisa. Binamu akasema RAM, na kwa bahati njema anamfahamu mtu anayeuza RAM. Jirani hakusema sana. Yeye hutembea na Windows kwenye fleshi mfukoni, kama dharura itatokea. Akapiga Windows upya, akapokea hela ya soda, akaondoka. Mwendo ukabaki uleule, ila sasa na printa haitambuliki.

Katika jopo lote hilo la madaktari, hakuna aliyempima mgonjwa. Aliyempima ni mpwa wangu anayesoma chuo. "Shikamoo mjomba," akasema, kisha akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likatokea jedwali la nani anafanya kazi na nani amekaa. Prosesa imekaa. RAM nusu iko wazi. Diski peke yake inahema kwa asilimia 100, na kwa jasho lote hilo inasoma chini ya megabaiti moja kwa sekunde. Diski nzima ya kuzunguka, hata ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika, husoma faili kubwa kwa megabaiti mia moja hivi.

Akabadilisha waya wa data kwanza, maana waya mbovu nao huleta ugonjwa huohuo. Wapi. Ndipo akapakua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo kila diski hujiwekea yenyewe: imewaka saa ngapi, imepoteza sehemu ngapi. Yangu mpya ya boksi ilikuwa imewaka zaidi ya saa 26,000. Mwaka mzima una saa 8,760. Kwa hiyo hii ilikuwa imekesha karibu miaka mitatu mahali fulani, mpwa anakisia kwenye kamera za ulinzi. Na ilikuwa na sehemu nyingi zilizochakaa. Diski ikifika penye ubovu hurudia kusoma, inarudia tena, na kompyuta nzima inasimama kuisubiri. Mlinzi wa watu huyu alistahili kiinua mgongo, wakamwajiri upya kwangu.

Nikarudi dukani na picha ya ushahidi. "Bosi, hizo saa umezitumia wewe!" Nikamweleza kwamba mwezi mzima bila kuzima ni saa 744 tu. Akanionyesha kwa kidole maandishi ya chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kwenye hesabu hakuwepo, kwenye kusoma alikuwa hodari.

Basi ndugu msomaji, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aichomeke diski kwenye kompyuta yake na akuonyeshe saa ilizowaka. Iliyo mpya kweli itasoma sifuri au karibu na hapo. Akisema programu hiyo hana, mwambie ni ya bure. Akisema muda hana, duka la pili liko hatua chache. Na kama umeshauziwa na mashine imeanza kusuasua, hamisha kwanza faili zako, tazama ni nani amelemewa, jaribu waya mwingine, kisha soma kumbukumbu za diski. Hayo yote ni bure. Na yule mwenye fleshi mfukoni, mpe soda yake hukohuko getini.