Tairi Halisomwi kwa Teke

Mwenye pikapu hana upweke. Msiba ukitokea, yeye hupigiwa simu kabla ya shehe. Harusi ikikaribia, hukumbukwa kabla ya mpishi. Na anayehama chumba Kihonda atamwita "ndugu yangu" ingawa mara ya mwisho walisalimiana wakati wa sensa. Wote hao hupanda nyuma, hukalia kingo za bodi na kupiga paa kwa kiganja kuashiria twende. Siku matairi yakiisha, usidhani watatoweka. Hurudi kwa wingi, kila mmoja na ushauri wake. Hela ndiyo wanayosahau nyumbani.

Pikapu yangu ni Hilux ya 2004, inayovuta mbele na nyuma, na kazi yake kubwa ni kuteremsha kabichi na karoti za mke wangu kutoka Mgeta hadi Morogoro mjini. Anayeijua barabara ile ya Uluguru anajua kwamba kule matairi hayazeeki, yanaliwa. Yangu yalipofika kipara kabisa, trafiki mmoja pale Msamvu alilizunguka gari taratibu, mikono nyuma, akauliza kwa upole kama tunalipeleka makumbusho. Faini ya shilingi 30,000 ilifuata bila upole wowote.

Mke wangu, ambaye ndiye hazina ya nyumba, alitoa agizo: matairi manne, yawe ya bei nafuu, na nisirudi na kitu cha kujifurahisha. Agizo la mwisho halikunihusu mimi. Lilimhusu kaka yake, kwa sababu alijua fika kwamba shemeji hawezi kusikia neno "matairi" akabaki amekaa.

Shemeji ni bingwa wa kukagua matairi kwa teke. Tulipofika kwenye duka la kwanza, kabla hata ya salamu, alilipiga tairi teke, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni. La pili alilipiga akatabasamu. Wanaume waliokaa kwenye benchi nao wakaja kupiga lao. Sijawahi kuelewa teke linatoa habari gani, maana tairi lisilo na upepo hujibu vilevile liwe la jana au la enzi za Mwinyi. Mimi nilichutama nikaanza kusoma ubavu. Dukani hilo ni jambo la aibu. Muuzaji hukutazama kama mtu anayesoma masharti ya mkopo kabla ya kutia sahihi.

Lakini ubavuni ndiko kulikoandikwa kila kitu. Matairi ya pikapu yangu ni 205R16C 110/108. Hiyo 205 ni upana kwa milimita, 16 ni inchi za rimu, na C ni alama ya tairi la kubebea mzigo. Namba 110 maana yake tairi moja linaweza kubeba kilo 1,060. Ile 108 ni kwa magari yenye matairi mawilimawili nyuma. Muuzaji akaniletea 205/55R16, mwisho wake 91.

"Saizi ni ileile, bosi. Kumi na sita ni kumi na sita."

Namba 91 ni kilo 615. Hilo ni tairi la gari dogo la kwendea kazini, linalobeba watu wanne na mkoba wa chakula. Tena ni fupi: pikapu ingeshuka sentimita tano hivi, na mawe ya Mgeta, ambayo kwa sasa yanatuangalia kwa mbali, yangeanza kubisha hodi kwenye sampu. Nilipomweleza muuzaji, alimgeukia shemeji na kumuuliza kama mimi ni mwalimu.

Duka la pili lilikuwa la mitumba kutoka Japani. Pale kulikuwa na matairi mazuri ajabu, meusi ti, kashata nene zenye mikato midogomidogo kama elfu. Shemeji alilipiga moja teke akasahau hata kutikisa kichwa. Nikachutama. Ubavuni limeandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji. Mpira wake hutengenezwa laini makusudi ili ushike barabara wakati wa baridi kali. Kwenye lami ya Morogoro mwezi wa kumi na mbili huliwa kama kifutio cha shuleni mkononi mwa mtoto wa chekechea... lakini muuzaji alikuwa na jibu.

"Haya ni ya mlimani, mzee. Si umesema unapanda Mgeta?"

Nikatafuta tarehe. Baada ya herufi DOT huwa kuna tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. Pale palikuwa na 1211, yaani wiki ya 12 ya mwaka 2011. Muuzaji alidai hiyo ni namba ya kiwanda. Mzee mmoja kwenye benchi akadakia kwamba tatizo lilianza kilipokufa kiwanda cha General Tyre pale Arusha, na kwamba matairi yale ungeweza kumrithisha mtoto. Mjadala ukahamia huko, sisi tukapata nafasi ya kuondoka.

Nadhani ni kwenye njia ya kurudi ndipo shemeji alipoamua kunisaidia zaidi. Alisafiri Dar kwa shughuli zake, akarudi na rimu nne za spoti, zinang'aa, kwa hela niliyompa ya kuulizia matairi. Zilitoka kwenye Mitsubishi L200 iliyopata ajali. "Bolti sita, shemeji. Na yako ni sita. Nimehesabu mara mbili!"

Kweli, bolti ni sita, na hata umbali wake unalingana, milimita 139.7 kwa magari yote mawili. Tukampelekea fundi pancha wa karibu na nyumbani. Akaweka jeki, akang'oa nati, akavua rimu ya zamani yenye kutu, akainua ile mpya kwa heshima zote. Ikasimama kabla hata ya kugusa bolti. Haikuyumba, haikukwama, iligota tu. Tundu la katikati la rimu ya L200 ni milimita 67 hivi. Kitovu cha Hilux inayovuta mbele kinataka rimu yenye tundu la 106. Fundi akasukuma kwa goti. Shemeji akaipiga teke.

"Tundu linachongeka," fundi akasema akijifuta jasho. "Naijua leti moja, wanachonga mpaka linaenea."

Kuchonga milimita 39 kwenye rimu inayobeba kabichi za tani nzima ukiteremka milima ya Uluguru ni wazo ambalo lilimfurahisha mtu mmoja tu pale. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliuliza rimu zimegharimu kiasi gani. Shemeji akakumbuka anatakiwa mahali.

Mwishowe tulinunua matairi mapya ya 205R16C, ya bei ya chini kuliko mengine mapya dukani, yaliyotengenezwa mwaka uleule, na yenye 110 ubavuni. Rimu za zamani tulizisugua kwa brashi ya waya, fundi akazipaka rangi ya silva, na kutoka mbali hutajua. Vipara alivichukua mshona katambuga, naye hakuuliza vimebeba kilo ngapi.

Rimu nne za L200 zipo ukumbini, zimefunikwa kitenge, na wageni wameanza kuzikalia. Msomaji mwenye gari hilo aje. Bei inazungumzika, na akitaka kuzipima kwa rula nitamshikia mwanga.