Makosa Kumi na Maneno Mengi Yasiyo na Hatia

Hatua ya kwanza: ikalie kalamu yako. Nasema kwa dhati kabisa. Ukipewa kifungu cha Kiingereza ukaambiwa kina makosa, ifiche kalamu chini ya paja, kisha soma kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kasi ile ile unayosomea habari za mpira. Aliyeishika kalamu hutoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Sentensi ya kwanza haijaisha, naye ameshaikata "the" ambayo haijamkosea mtu.

Ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote ni hili: kuona kosa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuliacha huru neno lisilo na hatia, na nusu hiyo mazoezi mengi huiruka.

Tazama jinsi masharti ya mitihani yenyewe yalivyoilinda. Katika gaokao, mtihani wa taifa wa China wa kuingia chuo kikuu, kwa miaka mingi kulikuwa na kifungu cha kusahihisha chenye makosa 10. Hakuna sentensi iliyokuwa na makosa zaidi ya mawili, na kila kosa lilihusu neno moja tu: kuongezwa, kufutwa au kubadilishwa. Kisha likaja sharti ninalolipenda kuliko yote: ukisahihisha zaidi ya mara 10, kuanzia la 11 hayahesabiwi. Anayechorachora kila mahali akitumaini kwamba kosa litajipitisha mbele ya kalamu yake anajimaliza mwenyewe. Mtihani wa Kiingereza wa FCE wa Cambridge, kabla ya kubadilishwa mwishoni mwa 2008, ulikwenda mbali zaidi. Ulikuwa na mistari 15. Mingi ilikuwa na neno la ziada, lakini mingine ilikuwa safi kabisa, na mtahiniwa alitakiwa kuiwekea tiki. Nasikitika kwamba sehemu hiyo iliondolewa. Ile tiki ilikuwa somo zima.

Sasa chomoa kalamu. Kifungu hiki nimekiharibu mwenyewe kwa ajili yako, na kina makosa sita:

"Although the market opens at six, but most of the traders arrives before dawn. My aunt, which sells fish, has been there since ten years. She gave me some useful advices: to never discuss about prices with a hungry customer."

Usiharakishe kushuka chini. Yatafute kwanza.

Haya. "But" inafutwa, kwa sababu "although" imeshaifanya kazi yake. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili, wa Kichina na wa Kivietnamu wote hupita bila kushtuka, maana katika lugha zetu "ingawa" na "lakini" hukaa pamoja katika sentensi moja na hakuna anayelalamika. "Arrives" inakuwa "arrive". "Which" inakuwa "who", shangazi ni mtu. "Since" inakuwa "for": ya kwanza hutaka mahali jambo lilipoanzia, kama 2015, na ya pili hutaka urefu wa muda. "Advices" inakuwa "advice", nomino isiyo na wingi. Na "about" inaondoka, kwa sababu "discuss" huchukua yambwa yake moja kwa moja.

Je, uliikata "to never"? Basi umemfunga asiye na hatia. Kuna amri ya zamani ya madarasani inayokataza neno lolote kuingia kati ya "to" na kitenzi chake. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliwagawa watu katika makundi matano kwa namna wanavyoichukulia amri hiyo, naye akawaheshimu wanaojua lini kuifuata na lini kuiacha. Ungeweza kuandika "never to discuss", na wengi wangeona inapendeza zaidi. Lakini hukuulizwa kinachopendeza. Umeulizwa kosa.

Ukikosa kitu katika kifungu kile, usijiulize tu ni kanuni gani hukuijua. Jiulize lugha yako ya nyumbani ilikufumba macho wapi. Nchini Vietnam, ambako tangu 1995 wanafunzi wa madarasa ya 10 na 11 hushindana katika masomo, Kiingereza kikiwemo, kwenye Olympic ya Aprili 30, mtoto amekulia katika lugha ambayo kitenzi chake hakibadiliki kwa nafsi wala kwa wakati. Ile "s" ya "arrives" ni punje ndogo sana kwake, na inabidi ajizoeze kuitafuta kwa makusudi. Sisi wa ngeli tuna bahati. "Wachuuzi anafika" hutuumiza sikio, na "shangazi ambayo" haiwezi kupita. Sikio hilo hilo lipeleke kwenye Kiingereza. Ila ujue linapolala: "The list of the winning schools were pinned on the door." Kiima ni "list", lakini kitenzi kimevutwa na "schools" iliyo jirani. Na tusijisifu sana, maana "orodha ya shule zilizoshinda zilibandikwa" tunaisikia redioni kwa Kiswahili safi kabisa.

Tunapolala usingizi mzito ni kwenye "a" na "the", kwa kuwa Kiswahili hakina vijineno hivyo, na kwenye "he" na "she", kwa kuwa yeye wetu ni mmoja kwa mwanamume na mwanamke. Dada wa aya ya kwanza akigeuka "he" katika aya ya tatu, Mswahili anaweza kusoma hadi mwisho akiwa na amani moyoni.

Kwa hiyo kifungu kisomwe mara kadhaa, kila mara ukiwa na swali moja tu. Mara moja kamata kila kitenzi ukiulize kiima chake ni nani na wakati wake ni upi. Mara nyingine pitia vijineno: vihusishi, "a", "the", viwakilishi. Mara ya mwisho soma sentensi kwa kurudi nyuma, ya mwisho kwanza, ili masimulizi yasikubebe.

Halafu kuna kosa ambalo sarufi haiwezi kulikamata. "The road was flooded; therefore, the bus arrived on time." Kila neno limekaa mahali pake, na bado basi hilo halikufika kwa sababu ya mafuriko. Mtihani wa TEM-8, unaofanywa na wanafunzi wa China wanaosomea shahada ya Kiingereza, umewahi kuwa na makosa ya namna hii: kiunganishi kilichopinduliwa, kivumishi kilichowekewa kinyume chake. Hupatikana na aliyeelewa mwandishi anabishana na nani. Ndiyo maana nilikukalisha juu ya kalamu.

Mazoezi bora kuliko yote ni kuharibu. Chukua aya safi kutoka kitabu kizuri, iharibu mahali kumi, mpe mwenzako, nawe pokea ya kwake. Ukikaa kuchagua kati ya "rise" na "raise", au kati ya "economic" na "economical", utajifunza mwenendo wa kosa kutoka ndani. Ila haribu kwa haki. Neno uliloliharibu liwe limeharibika London na Chicago pia. Mwingereza yuko "in hospital", Mmarekani yuko "in the hospital", na wote wawili ni wagonjwa halali. "The team are" ni sahihi kabisa huko Uingereza. Walimu wangu, naomba sana hapa: mwanafunzi anayenyimwa alama kwa neno sahihi hujifunza kuogopa Kiingereza, na woga huo haufutiki kwa kifutio.

Programu ya kusahihisha iliyo kwenye simu nayo iite, lakini iite baadaye, kama shahidi. Ikipigia mstari neno, ihoji: kwa kanuni gani? Isipokuwa na jibu, usiifuate. Na makosa uliyoyakosa wewe yaandike katika daftari lako mwenyewe, pamoja na sababu. Orodha ya mtu mwingine ina usingizi wa mtu mwingine.

Siku ya mashindano, ukiwa umebaki na dakika chache, hesabu masahihisho yako. Tuseme umeambiwa makosa ni kumi. Ukiwa na tisa, rudi kwenye sentensi ambayo hujaigusa kabisa, uisome kwa sauti ya ndani, polepole, lakini usibuni la kumi kwa sababu tu nafasi iko wazi. Ukiwa na kumi na moja, mojawapo ni la kusingiziwa. Pitia kila moja ukitaja sababu yake kwa maneno machache: kiima ni umoja, nomino haihesabiki, kihusishi cha ziada. Lile ambalo sababu yake ni "halisikiki vizuri" ndilo la kuachiwa. Lifutie alama yako, taratibu, ili msahihishaji aone wazi kwamba umelisamehe.